Nane na kumi: kisa cha alama za Apgar zilizoandikwa asubuhi

Katika kitabu namba 12 cha MTUHA, yaani daftari la leba la mfumo wa taarifa za afya, cha kituo kimoja cha afya kilichoko migombani, juu ya mji wa Moshi, mstari wa mtoto huyu unasomeka vizuri kabisa. Jinsi: KE. Uzito: gramu 2,900. Amezaliwa saa 9:12 usiku. Apgar: 8/10. Saa 14 baadaye mtoto huyo huyo yuko wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya rufaa, anachezesha midomo kama anayenyonya kitu ambacho hakipo, na miguu inazunguka kama ya mwendesha baiskeli. Degedege.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia leba, ndiyo maana hakina jina la kituo wala la mtu. Tunachokitafuta hapa ni kimoja: zile 8 na 10, alama za hali ya mtoto dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa, zilitoka wapi, na zilifanya nini zilipofika mjini.

Usiku wenyewe

Mama ana miaka 23, mimba ya kwanza, wiki 39, kadi ya kliniki haina doa. Aliingia saa 1 jioni njia ikiwa imefunguka sentimita 5. Chupa ilipasuka saa 6 usiku, maji yakiwa na rangi ya kijani, yaani mtoto ameshajisaidia tumboni. Rangi hiyo peke yake si msiba. Watoto wengi hutoka hivyo na kulia vizuri. Lakini inakutaka usikilize mapigo ya moyo wa mtoto kwa bidii zaidi: kila nusu saa wakati njia inafunguka, kila dakika 5 mama anapoanza kusukuma.

Patografu, chati ya kufuatilia uchungu, imejazwa vizuri hadi saa 7 usiku, kisha imekatika ghafla. Saa hiyo aliingia mama wa pili, uzao wa nne, tayari anasukuma. Mkunga mmoja, mhudumu mmoja, vitanda viwili. Umeme ulikuwa umekatika na hita imezimika, na ilikuwa Julai. Aliyelala huko juu mwezi wa Julai anajua maana ya blanketi la pili. Chumba cha kujifungulia kinatakiwa kisipungue nyuzi 25 za Selsiasi. Hiki hakikuwa hata na kipimajoto ukutani.

Mtoto alipotoka, mkunga alimchoma mama oksitosini yuniti 10 kwenye paja, akafunga kitovu, akakata, akamweka mtoto juu ya kanga na kumgeukia yule mama wa pili aliyekuwa akitoka damu. Kila kitendo kwa nafasi yake ni sahihi. Kilichokosekana ni jicho moja la kumtazama mtoto katika sekunde zile za mwanzo. Nje ya mlango, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi.

"Nesi, mbona kimya?"

"Subiri, mama. Atalia."

Bibi hakusubiri. Alichukua simu akampigia mwanawe aliyekuwa Arusha kazini, na simu hiyo ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote katika kisa hiki, kwa sababu simu haina huruma na mtu yeyote. Inaonyesha saa 9:17. Bibi anasema alimwambia mwanawe mtoto ametoka ila hajalia, na kabla simu haijakatika, baada ya dakika kama moja na nusu, wote wawili wakasikia sauti nyembamba ikitoka ndani.

Hapa mchambuzi asiye makini hukimbilia kutoa 12 kwenye 17 na kusema dakika 5. Saa ya ukutani na saa ya simu si saa moja. Ukizilinganisha, ya ukutani iko nyuma kwa dakika 2, kwa hiyo 9:12 ya ukutani ni 9:14 ya simu. Mtoto alikaa angalau dakika 3 bila kulia, na sauti ya kwanza ikaja karibu na dakika ya nne na nusu. Mhudumu naye anakumbuka kwamba kabla ya begi la kupumulia kufika, kifua kilikuwa kimetulia tuli na mikono imelegea "kama kitambaa kilicholowa".

Kitabu kilijazwa saa 12:40 asubuhi, kabla ya kukabidhiana zamu, kwa akina mama wote wawili pamoja. Ukifunua ukurasa mzima utaona karibu kila mstari ni 8/10. Hilo lilitosha kumshtua msimamizi yeyote. Watoto hawazaliwi kwa muhuri.

Aliyeweka alama hizi

Neno Apgar limezoeleka leba kiasi kwamba wanafunzi wengi hudhani ni kifupisho tu. Ni jina la mtu. Virginia Apgar alizaliwa Westfield, New Jersey, nchini Marekani, Juni 1909. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1933, uchumi wa dunia ukiwa umedorora, akaanza mafunzo ya upasuaji. Bosi wake, Allen Whipple, alimshauri auache. Aliona wanawake aliowafundisha upasuaji hawapati riziki kwa kazi hiyo, na aliona pia kwamba upasuaji hautafika mbali bila madaktari hodari wa nusukaputi. Apgar akaenda Wisconsin kujifunza kwa Ralph Waters, kisha hospitali ya Bellevue kwa Emery Rovenstine, akarudi Columbia mwaka 1938 kuongoza kitengo cha nusukaputi.

Mwaka 1949 kitengo hicho kilipandishwa kuwa idara kamili. Ukuu wa idara alipewa mwanamume, Emanuel Papper. Apgar akapewa uprofesa kamili, mwanamke wa kwanza kuufikia katika kitivo kile cha udaktari, akaelekeza nguvu zake wodi ya wazazi. Dhuluma ilikuwepo na haifai kuipaka sukari. Lakini kilichomkuta kule wodini ndicho kilichomfikisha mpaka kwenye daftari la kituo cha migombani.

Alichokikuta ni hiki: mtoto akishatoka, macho yote yako kwa mama. Mtoto anapewa muuguzi, na kama hapumui vizuri, kila daktari ana lugha yake ya kusema hivyo. Mmoja anasema "amechoka", mwingine anasema "ataamka", na hakuna anayeweza kulinganisha mtoto wa leo na wa jana. Simulizi inayojulikana ni kwamba mwanafunzi mmoja alimuuliza wakati wa kifungua kinywa mtoto mchanga apimweje, naye akachukua karatasi iliyokuwa karibu akaandika mambo matano hapo hapo. Matano hayo hayakutoka hewani. Daktari wa nusukaputi akiwa kichwani kwa mgonjwa anatazama mapigo, pumzi, rangi, ulegevu wa misuli na jinsi mwili unavyoitikia ukiguswa, kila dakika, mchana kutwa. Apgar alihamisha macho yale yale kutoka meza ya upasuaji hadi kwa mtoto wa dakika 1, akampa kila dalili 0, 1 au 2.

Aliwasilisha kazi hiyo mwaka 1952 na kuichapisha mwaka 1953. Takwimu zake za kwanza zilionyesha kwamba kati ya watoto waliotimiza miezi, waliopata 0 hadi 2 walikufa asilimia 14. Waliopata 3 hadi 7 asilimia 1.1, waliopata 8 hadi 10 asilimia 0.13. Mwaka 1958 akiwa na wenzake alitoa ripoti ya pili yenye watoto 15,348. Wawili kati ya wenzake hao, Duncan Holaday na Stanley James, walipima damu za watoto na kukuta kwamba mwenye alama ndogo damu yake ina oksijeni kidogo na asidi nyingi. Namba iliyoandikwa kwa macho na masikio ikawa imeshikana na kinachoendelea ndani ya mishipa. Mwaka uliofuata aliingia kwenye afya ya jamii na kasoro za kuzaliwa, kazi aliyoifanya katika taasisi ya March of Dimes hadi alipofariki Agosti 1974.

Mambo mawili katika mafundisho yake yanagusa kisa chetu moja kwa moja. La kwanza: alishauri anayezalisha asiwe ndiye anayetoa alama, kwa sababu moyo wake umeshaingia kwenye matokeo. La pili: yeye mwenyewe aliandika kwamba rangi ndiyo dalili isiyoridhisha kuliko zote na iliyoleta ubishi mwingi. Watoto wengi wazima kabisa bado wana viganja na nyayo za bluu dakika ya kwanza. Ukiona 10 ya dakika 1, uliza nani alitazama viganja.

Namba haikuwa na njia ya kufika 8

Tuzichukue dalili moja moja. Tunaanza na mapigo na kumalizia na rangi, ingawa herufi za jina lake, zilizopachikwa maana za Kiingereza miaka ya 1960, huwafanya wanafunzi waanze na rangi. Huko ni kuanza na shahidi dhaifu.

Mapigo ya moyo: hakuna ni 0, chini ya 100 ni 1, 100 na zaidi ni 2. Yanahesabiwa kwa kushika kitovu karibu kabisa na tumbo, au kwa stethoskopu, sekunde 6 kisha unazidisha kwa 10. Usiku ule hayakuhesabiwa. Kitovu kilikuwa kinadunda, mhudumu anakumbuka, "taratibu". Tumpe 1. Pumzi: kifua kimetulia, 0. Misuli: imelegea kabisa, 0. Mwitikio: alisuguliwa mgongo, hakukunja uso wala kupiga chafya, 0. Rangi: kwa mtoto mweusi usitazame ngozi ya kifua, tazama ulimi, fizi, viganja na nyayo. Mhudumu aliona midomo "kama zambarau". 0.

Jumla ni 1. Hata ukiwa na mkono mwepesi kuliko wote, asiyepumua amekwisha kupoteza pointi 2, na mtoto asiyepumua hawi na ulimi wa waridi wala mikono ya kurusharusha. Nane haifikiki. Kumi ya dakika 5 nayo ingetaka mtoto aliyelia mara ya kwanza nusu dakika kabla awe tayari anapiga kelele, anapiga mateke na ana viganja vya waridi.

Kuna tatizo jingine, dogo kwa macho na kubwa kwa madhara. "8/10" ni nini? Aliyeandika alimaanisha 8 dakika ya kwanza, 10 dakika ya tano. Anayesoma anaweza kuona 8 kati ya 10, kama maksi za mtihani, na asijue ni ya dakika ipi. Andika dakika: "dakika 1: 8, dakika 5: 9". Ikiwa dakika 5 iko chini ya 7, endelea kupima kila dakika 5 hadi dakika ya 20.

Dakika ya dhahabu haisubiri alama

Kosa linalofundishwa bila kukusudia ni kwamba unampa mtoto alama kwanza, kisha alama inakuambia ufanye nini. Alama ya kwanza inatolewa dakika 1. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameshaanza kupewa hewa kabla ya dakika hiyo kwisha. Ukingoja Apgar ikuruhusu, umechelewa.

Mfuatano wenyewe ni mfupi. Mkaushe kwa kitambaa kikavu, kitupe kile kilicholowa, mfunike kwa kingine. Halii wala hapumui: msugue mgongo mara mbili tatu. Safisha mdomo kisha pua kwa pampu ya mpira, ile wanayoiita pengwini, kama tu kuna ute au kinyesi kinachoziba. Kuingiza mrija hadi kooni na kuchokoachokoa kunaweza kuyashusha mapigo ambayo tayari yako chini. Hapumui bado: kata kitovu, mpeleke mezani, begi na barakoa. Mtoto anayelia ndiye anayesubiri dakika 1 hadi 3 kukatwa kitovu.

Utafiti uliofanyika Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa ziliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 16. Mwaka uliofuata zilichapishwa takwimu za hospitali nane za Tanzania zilizofundisha wakunga mfuatano huu: vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kwa asilimia 47. Hakukuwa na mashine mpya yoyote zaidi ya begi, barakoa na mikono iliyozoea.

Begi la kituo chetu lilikuwepo. Lilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, ufunguo mfukoni mwa mkunga, mkunga yuko na mama anayetoka damu. Hapo ndipo dakika mbili zilipotea. Lilipotoka lilikuwa na barakoa namba 0, ya njiti. Namba 1 ilipelekwa kuoshwa wiki iliyotangulia na haikurudi. Barakoa ndogo kwa mtoto wa gramu 2,900 haifuniki mdomo na pua pamoja. Ukiibonyeza iingie, hewa inatoka pembeni na unaisikia ikipuliza kama tairi lenye pancha. Kubwa mno nayo inakaa juu ya macho na kuvuka kidevu. Inayofaa inagusa ncha ya kidevu, inafunika mdomo na pua, basi.

Kifua hakikupanda. Mhudumu alifanya kile wengi hufanya: akabonyeza haraka zaidi. Mwendo ni pumzi 40 kwa dakika, unaweza kuhesabu "moja... mbili... tatu" ukibonyeza kwenye namba na kuachia katikati. Kifua kisipopanda, kasi haisaidii. Weka barakoa upya. Rekebisha kichwa kikae kama anayenusa kitu: si kuinamia kifua, wala kupinduliwa nyuma kama wengi wanavyomfanyia mtoto wakidhani wanafungua koo, kumbe shingo laini hujikunja na njia ikaziba. Kagua mdomo una ute. Fungua mdomo kidogo. Mwisho ndipo unabonyeza kwa nguvu zaidi. Katika kisa hiki mkunga alirudi, akakunja kanga akaiweka chini ya mabega, akashika taya, na pumzi ya tatu kifua kikapanda. Sauti iliyosikika Arusha kwenye simu ndiyo hiyo. Kwa maneno mengine, mkono ulikuwa unajua kazi. Kilichokwamisha ni ufunguo na barakoa.

Baada ya hapo mtoto alirudishiwa kanga ile ile iliyolowa.

Namba ilivyofika mjini

Asubuhi mtoto hakunyonya. Walimsubiri "achangamke" hadi saa 5, ndipo wakampa rufaa. Karatasi ya rufaa iliandikwa: hanyonyi, Apgar 8/10. Alipopokelewa mjini joto lilikuwa nyuzi 34.9, sukari milimoli 1.9 kwa lita. Akapewa glukosi ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo, karibu mililita 6, akawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Saa 11 jioni degedege likaanza. Akapewa fenobabito, dawa ya kutuliza degedege, miligramu 20 kwa kilo, yaani 58, polepole kwenye mshipa kwa dakika 20.

Jambo la kutazama ni daktari alivyofikiri. Mbele yake kuna mtoto aliyetimiza miezi, ana degedege siku ya kwanza, na karatasi inasema alizaliwa akiwa mzima. Karatasi hiyo inauondoa upungufu wa hewa wakati wa kuzaliwa kwenye orodha na kuacha maambukizi, homa ya uti wa mgongo, kasoro ya ubongo. Akatoa maji ya uti wa mgongo, akaanza antibiotiki, ampisilini na jentamaisini, akaweka maji ya kawaida ya siku ya kwanza, mililita 60 kwa kilo. Kwa taarifa aliyokuwa nayo hakukosea hata hatua moja.

Lakini mtoto aliyekosa hewa huwa hakuumia ubongo peke yake. Figo nazo zimeumia. Mkojo unapungua, maji yanabaki mwilini, na jentamaisini, ambayo hutoka kwa njia ya figo, hukaa kwenye damu muda mrefu na kuziumiza figo zile zile. Angejua, angeshusha maji hadi karibu mililita 40 kwa kilo, ambayo kwa gramu 2,900 ni kama mililita 5 kwa saa, angepima mkojo kwa kupima nepi, na kabla ya dozi ya pili ya jentamaisini angetaka kwanza kuona mkojo. Kilichomwamsha ni nepi kavu asubuhi ya siku ya pili. Akapiga simu kituoni, akauliza swali moja: "Alilia saa ngapi?"

Dawa ikasogezwa, maji yakapunguzwa, maji ya uti wa mgongo yakarudi safi. Degedege halikujirudia baada ya siku ya tatu. Siku ya tisa alianza kunyonya mwenyewe bila mrija, akaruhusiwa siku ya kumi na mbili akiwa na tarehe za kliniki ya ukuaji: wiki 6, miezi 3, miezi 6. Kuruhusiwa si kupona. Shingo, mikono na macho ya mtoto huyu yatafuatiliwa hadi atembee.

Kituoni

Kikao cha mapitio kilianza vibaya, kwa swali la "nani aliandika?" Swali hilo linafunga midomo. Mkunga aliyelinda damu ya mama mmoja na kumfufua mtoto wa mwingine usiku mmoja hafai kuanza kwa kujitetea. Mazungumzo yalipohamia kwenye ufunguo, yakaenda.

Begi na barakoa mbili, namba 0 na namba 1, vinakaa sasa juu ya meza ya mtoto, ndani ya boksi lisilo na kufuli, na anayeingia zamu anabonyeza begi juu ya kiganja chake kusikia kama linashika. Saa ya ukutani imehamishwa: ilikuwa nyuma ya mgongo wa anayezalisha, sasa iko juu ya meza ya mtoto, imelinganishwa na simu. Mhudumu amepewa kazi ya kutamka kwa sauti: "ametoka", "dakika moja", "dakika tano". Mkunga anajibu kwa namba tano, mhudumu anaziandika kwenye plasta iliyobandikwa ukingoni mwa meza, na plasta hiyo hubandikwa kwenye jalada. Si mtu wa pili asiye na upande kama Apgar alivyotaka, lakini kwa wodi ya watu wawili ni karibu ya hapo. Kanga tatu kavu zinaletwa na kila mama: ya kukaushia, ya kufunikia, ya akiba. Ajabu ni kwamba akina bibi ndio wasimamizi wazuri wa hilo la kanga.

Ulibaki mstari wa kitabu. Mmoja akapendekeza waandike 1 na 6, kwa kuwa ndivyo kumbukumbu zinavyoelekea. Haikukubalika, namba ya kukisia wiki mbili baadaye ni ndugu ya namba ya kukisia saa 12:40 asubuhi. Hawakufuta, hawakupaka rangi nyeupe. Walipiga mstari mmoja juu ya 8/10 ili iendelee kusomeka, wakaweka tarehe na saini, na pembeni wakaandika: "Dakika 1 na 5: haikupimwa. Alilia baada ya kupewa hewa kwa begi, takriban dakika ya 4."